Chanjo ya ndigana kali: ninavyochanja ndama, hatua kwa hatua

Wafugaji wanaonipigia simu kutoka Monduli na Longido huanza na bei. Mimi huwaanzia kwingine: chanjo ya ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, ni ugonjwa wenyewe. Ndani ya mrija wa chanjo hamna vimelea waliouawa. Mna Theileria parva hai, vimelea wa ndigana kali, walewale wanaoletwa na kupe wa masikioni. Kinachomwokoa ndama ni sindano ya pili, ya antibiotiki iitwayo oksitetrasaiklini inayokaa mwilini muda mrefu, ambayo huwabana vimelea mpaka mwili ujue namna ya kuwamaliza. Sindano mbili, chanjo moja. Ukiwa nayo moja tu, rudi nyumbani.

Kwa nini tusitumie kitu chepesi zaidi? Kwa sababu kimelea huyu hujificha ndani ya chembe nyeupe za damu na kuzifanya zigawanyike ovyo, mithili ya saratani. Kingamwili zinazozunguka kwenye damu hazimfikii humo. Zinatakiwa chembe za kinga zenye uwezo wa kuua chembe iliyokwisha kuvamiwa, na huku malishoni hatujapata kinachoziamsha kama kimelea hai. Wanaosaka chanjo ya leishmania, kimelea mwingine, kwa binadamu wanagonga ukuta unaofanana na huu, maana naye hukaa ndani ya chembe za kinga.

Mbinu yetu ilikamilishwa Muguga, Kenya, miaka ya 1970, enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani. Wakachanganya aina tatu za kimelea huyu: Muguga, Kiambu 5 na moja yenye asili ya Serengeti. Kuitengeneza ni shughuli. Ng'ombe anaambukizwa, kupe wachanga wanamnyonya, wakishakua wanabandikwa kwenye masikio ya sungura siku chache ili vimelea wapevuke kwenye tezi zao za mate. Kisha kupe wanasagwa, mchuzi unachujwa na kugandishwa. Mzunguko mzima unakula karibu mwaka na nusu. Anayelalamikia bei nikimsimulia habari za kupe wa kusaga, hunyamaza kidogo. Halafu anaomba apunguziwe.

Sasa kazi yenyewe. Ni ya mchanjaji aliyefunzwa, chini ya daktari wa mifugo; mfugaji, soma ujue cha kumdai.

Hatua ya kwanza ni kukusanya mifugo. Mirija niliyozoea ni ya dozi 40, na ukishayeyusha hakuna kugandisha tena. Kwa hiyo siji kwa ndama sita. Elewaneni na majirani, boma mbili tatu, mkutane kwenye kibanio kimoja asubuhi kabla jua halijawa kali.

Hatua ya pili, kuchagua. Ndama awe amepita mwezi mmoja na awe mzima. Mwenye homa, anayeharisha au aliyedhoofu anasubiri. Ng'ombe mkubwa mwenye mimba kubwa naye anasubiri.

Hatua ya tatu ndiyo watu wanayoidharau: uzito. Usikisie. Zungusha utepe kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele, usome. Oksitetrasaiklini ya asilimia 30 hutolewa mililita 1 kwa kila kilo 10, yaani ndama wa kilo 80 anapata mililita 8. Mzee mmoja upande wa Oldonyo Sambu aliniambia, "Daktari, huyo ni kilo hamsini, andika tu." Utepe ukasema 85. Ningemsikiliza, ndama angepata mililita 5 badala ya 8 na nusu, na vimelea hai juu yake. Nilimwonyesha utepe kwa heshima, akacheka, akaniletea wengine.

Hatua ya nne, kuyeyusha. Mtungi wa naitrojeni ni kama ule wa uhimilishaji (kupandisha ng'ombe kwa mrija), nyuzi 196 chini ya sifuri, basi glavu na miwani si mapambo. Mrija unaweza kupasuka ukiutoa. Usugue viganjani mpaka uyeyuke, changanya na kimiminika chake kilichopoa, weka chupa kwenye barafu, kivulini. Kuanzia hapo hesabu muda wa saa nne. Kinachobaki kinamwagwa, hata mwenyewe akikununia.

Hatua ya tano, sindano. Mimi huanza na dawa, ndani kabisa ya msuli, na ikizidi mililita 10 naigawa sehemu mbili. Ndipo chanjo, mililita 1 chini ya ngozi, chini ya sikio, karibu na tezi. Mpangilio huu nilifundishwa na ndama mmoja mwekundu. Mwaka wangu wa kwanza nilianza na chanjo. Akajipinda, akachomoka kwenye kibanio, akatokomea kwenye migunga. Nilikuwa nimempa ndigana kali na dawa bado iko mkononi mwangu. Vijana walimkimbiza karibu saa nzima. Tulimpata.

Hatua ya sita: hereni sikioni na jina kwenye daftari, palepale, kabla hajaachiwa.

Hatua ya saba inamhusu mfugaji. Wachache huumwa kidogo kutokana na chanjo, kwa kawaida kati ya wiki ya pili na ya tatu. Kila asubuhi pitisha kidole gumba chini ya sikio. Tezi ya kawaida unaitafuta. Iliyovimba inakutafuta wewe, imejaa kama yai. Tezi hiyo ikiambatana na homa, kukataa kunyonya au kuhema haraka, piga simu siku hiyohiyo. Buparvakuoni, dawa ya kutibu ndigana kali, hufanya kazi vizuri ikiwahi.

Wanaolisha karibu na nyati, kama majirani zetu wa Ngorongoro, wajue kwamba vimelea wa nyati wakati mwingine huipenya kinga hii. Na josho liendelee kwa wote: chanjo haizuii magonjwa mengine ya kupe, yaani ndigana baridi, wala maji moyo, wala kukojoa damu. Mwenye ng'ombe wa maziwa asome lebo ya dawa aone siku za kutouza maziwa.