Kutengua hukumu ya upande mmoja iliyotolewa dhidi ya mtoto: hatua kwa hatua, Tanga

Mwongozo huu ni wa shauri la aina moja. Mtoto aliye chini ya miaka 18 ametajwa kuwa mjibu maombi (anayeshtakiwa) kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, hakufika, baraza likasikiliza upande mmoja na kuamua, na sasa mshinda tuzo (aliyeshinda shauri) anataka kukazia hukumu, yaani itekelezwe. Iwe ni nyumba ya Ngamiani au shamba la minazi Tongoni, njia ni ileile.

Hoja yenye nguvu kuliko zote ni hii: mtoto hashtakiwi peke yake. Amri ya XXXI ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai (Sura ya 33) inataka ateuliwe mlezi wa shauri, yaani mtu mzima wa kumtetea katika kesi hiyo, kabla shauri halijasonga. Sheria hiyo huingia barazani pale kanuni za baraza zinapokuwa na pengo, kwa kifungu cha 51(2) cha Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi (Sura ya 216). Familia nyingi huanza na "mtoto ni yatima, muoneeni huruma". Huruma haitengui hukumu. Anza na mlezi ambaye hakuteuliwa.

Hatua ya 1: Kagua jalada

Omba kwa barua, lipia kwa namba ya malipo utakayopewa, kisha kaa na jalada bila haraka. Tafuta karatasi tatu.

Ya kwanza ni maombi yaliyofungua shauri. Angalia mtoto alivyoelezwa. Mara nyingi utakuta ameandikwa "mtu mzima, mkazi wa Makorora", na hakuna aliyeuliza. Ya pili ni kiapo cha mpeleka samansi: nani alisaini kupokea? Kama sahihi ni ya mtoto mwenyewe, au ya mpangaji, au ya ami yake anayedai nyumba hiyohiyo, umepata hoja ya pili. Ya tatu ni mwenendo wa siku baraza lilipoamuru kusikiliza upande mmoja. Soma kama kuna popote palipotajwa umri au ombi la kuteua mlezi. Kama hakuna, ukimya huo ndio ushahidi wako. Omba nakala zilizothibitishwa za zote tatu, pamoja na hukumu na tuzo (amri rasmi inayotokana na hukumu).

Ukiwa hapo, angalia pia kama mali ni ya marehemu na mirathi haijagawanywa. Ikiwa hivyo, wa kushtakiwa alikuwa msimamizi wa mirathi.

Hatua ya 2: Thibitisha umri

Cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, ndicho bora. Kama hakipo, anza kukifuatilia ofisi ya Mkuu wa Wilaya, na wakati huo kusanya kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au rekodi ya shule. Linganisha majina herufi kwa herufi. "Mwanahamisi" kwenye cheti na "Mwanaamisi" kwenye tuzo ni mwanya atakaoutumia wakili wa upande wa pili; ueleze ndani ya kiapo kabla hajausema yeye.

Umri unaohesabiwa ni wa siku shauri lilipokuwa likiendelea. Hata kama leo ametimiza miaka 18, hoja ipo, ila sasa anaomba kwa jina lake mwenyewe.

Hatua ya 3: Chagua rafiki wa karibu

Ndiye atakayeomba kwa niaba ya mtoto. Awe mtu mzima mwenye akili timamu, aridhie, na asiwe na maslahi yanayopingana na ya mtoto katika mali hiyo. Mama aliyewahi kusaini karatasi ya kuuza kiwanja hafai, hata kama ana uchungu wa kweli. Bibi mzaa mama au shangazi asiyedai chochote anafaa.

Hatua ya 4: Hesabu siku

Kanuni za baraza za mwaka 2003 (Tangazo la Serikali Na. 174), kanuni ya 11(2), zinatoa siku 30 kuomba uamuzi wa upande mmoja utenguliwe. Zikipita, anza na ombi la kuongezewa muda chini ya kifungu cha 14 cha Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Usilichanganye na ombi la kutengua. Kuyachanganya ni kukaribisha pingamizi la awali, yaani hoja ya kisheria ya kutaka ombi litupwe kabla halijasikilizwa. Na kwa kuwa toleo la sheria la 2023, lililoanza kutumika Julai 1, 2025, limebadilisha namba za vifungu vingi, hakiki kila kifungu kabla ya kukiandika.

Mahakama ya Rufani katika kesi ya Lyamuya (Ombi la Madai Na. 2 la 2010) ilitaka mwombaji aeleze siku zote alizochelewa. Maelezo yaonekane hivi:

Machi 3: dalali (anayetekeleza hukumu kwa amri ya baraza) alibandika tangazo mlangoni.
Machi 4: barua ya kuomba nakala ilipokelewa (muhuri).
Machi 17: nakala zilitolewa.
Machi 18–26: kutafuta cheti na wakili (risiti).
Machi 27: kiapo kiliapwa.
Machi 28: ombi liliwasilishwa.

Maombi mengi hufia kwenye mstari wa nne, ambapo watu huandika "nilikuwa nahangaika". Weka risiti, tarehe, na utaje Jumamosi na Jumapili. Kisha ongeza kwamba uamuzi wenyewe una kasoro ya kisheria inayoonekana waziwazi kwenye jalada: hakukuwa na mlezi wa shauri. Lyamuya inaitambua kasoro ya namna hiyo kuwa sababu ya kuongeza muda.

Hatua ya 5: Andika wito wa chemba na kiapo

Wito wa chemba ndio hati ya ombi lenyewe; kiapo ndicho ushahidi wake. Kiswahili kinakubalika. Kiapo kibebe mambo anayoyajua mwapaji. Aliyosikia amtaje aliyemwambia. Mfano wa aya:

"Kwamba mjibu maombi wa pili alizaliwa Machi 14, 2011 (kiambatisho A-1), na siku shauri lilipofunguliwa, Septemba 2, 2024, alikuwa na umri wa miaka 13. Nimekagua jalada na hakuna amri ya kumteulia mlezi wa shauri."

Usiweke mabishano ya kisheria humo. Malizia na uthibitisho wa aya, kisha sehemu ya kuapa: mahali, tarehe, jina na sahihi ya kamishna wa viapo. Jina likikosekana, kiapo chote kinaweza kutupwa.

Taja kanuni ya 11(2) pamoja na Amri ya XXXI kanuni ya 5(2), inayoruhusu kufuta amri iliyomgusa mtoto asiyewakilishwa. Kanuni hiyohiyo inaweza kumlipisha gharama wakili aliyejua, au aliyepaswa kujua, kwamba anayemshtaki ni mtoto.

Hatua ya 6: Zuia utekelezaji

Kuwasilisha ombi peke yake hakumzuii dalali. Siku hiyohiyo weka ombi la kusimamisha ukaziaji, na hati ya dharura (inayoeleza kwa nini ombi lisikilizwe haraka), na picha ya tangazo lililobandikwa. Amri ikitoka, mpelekee dalali nakala yenye muhuri na umsainishe.

Hatua ya 7: Baada ya uamuzi

Mwenyekiti akikataa, rufaa ni Mahakama Kuu, Tanga, ndani ya siku 45. Akikubali, shauri linarudi mwanzo: omba mara moja mlezi wa shauri ateuliwe kwa amri iliyoandikwa, kisha yeye alete majibu ya utetezi. Upande wa pili mara nyingi huja hapo na pendekezo la kugawana. Mlezi hana mamlaka ya kusaini suluhu, wala kupokea fedha za mtoto, bila kibali cha baraza.