SOMO: Bima ilipe upasuaji wa ngozi iliyolegea baada ya kupunguza uzito (Nairobi)

Nimechoka. Kila wiki kuna ujumbe mpya: "Dada, uliwafanyaje watu wa bima mpaka wakakubali?" Naandika mara moja hapa, na atakayeuliza tena nitamtumia ukurasa huu.

Kwanza shika hili: bima hailipii umbo. Hailipii kilo ulizopunguza, wala jasho lako, wala aibu ya kuvua nguo mbele ya mtu. Inalipia ugonjwa. Tumbo linaloning'inia, kwao ni urembo. Ngozi inayochubuka na kunuka chini ya mkunjo, ikatibiwa, ikarudi, ikatibiwa tena, hiyo ina jina kwenye vitabu vya udaktari. Kazi yako ni kuionyesha kwa karatasi.

Hatua ya 1: Soma mkataba. Mkataba wenyewe, si kile kijikaratasi chenye picha ya familia inayocheka. Kama bima ni ya kazini, mwombe mtu wa HR nakala nzima. Nenda moja kwa moja kwenye orodha ya yasiyolipiwa utafute mambo mawili: upasuaji wa urembo, na matibabu ya unene. Yote mawili yanaweza kutumiwa dhidi yako, kwa hiyo nakili maneno yao kama yalivyo. Angalia pia kikomo cha malipo ya kulazwa na muda wa kusubiri kwa wanachama wapya.

Hatua ya 2: Uzito utulie. Miongozo mingi utakayoisoma mtandaoni ni ya Marekani. Huko bima nyingi hutaka uzito uwe umetulia miezi 6, na kama ulipungua kwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula, iwe imepita miezi 18 tangu upasuaji huo. Si sheria ya Kenya, lakini daktari wa bima anayepitia faili yako ofisini Upper Hill hawezi kukulaumu ukiifuata. Pimwa kliniki, namba iandikwe kwenye faili. Mizani ya bafuni kwako si ushahidi.

Hatua ya 3: Faili ya ngozi. Hapa ndipo nilipoangukia pua, kwa hiyo someni polepole. Mimi vipele nilikuwa navitibu mwenyewe. Nikishuka stejini naingia kemisti, nanunua krimu ya fangasi ya clotrimazole, naenda zangu. Ombi lilipofika kwa bima wakauliza swali moja tu: umetibiwa wapi? Kwenye karatasi nilikuwa buheri wa afya. Ilibidi nianze upya.

Kwa hiyo nenda kwa daktari wakati ngozi IMEWAKA, si baada ya kupona. Mwombe aandike mahali penyewe (chini ya tumbo, kinena, chini ya matiti), kama kuna majimaji, harufu au nyufa, na jina la ugonjwa. Kwa kawaida ni intatrigo, na kwenye orodha ya kimataifa ya magonjwa, toleo la 10 (ICD-10), alama yake ni L30.4. Aandike dawa aliyokupa. Halafu, na wengi huruka hapa, RUDI useme kwamba imeshindwa au imerudi. Ziara moja ni malalamiko tu. Ziara kadhaa ndani ya miezi 3 na zaidi zinaonyesha ugonjwa sugu.

Picha zipigwe kliniki na ziingie kwenye faili: ukiwa umesimama, mbele na pande zote mbili, kisha nyingine mkunjo ukiwa umeinuliwa ili ngozi ya chini ionekane. Ziwe na tarehe. Uso si lazima. Daktari aandike pia tumbo linafika wapi likiachiliwa, kwa sababu kipimo kinachotumika sana ni kama linafunika mfupa wa kinena.

Onyo: msipake zile krimu kali za steroidi kama clobetasol kwa ushauri wa jirani. Ngozi ya kwenye mikunjo ni nyembamba, na fangasi hupenda sana dawa hiyo. Onyo la pili: pima sukari. Vipele visivyoisha vinaweza kuwa kisukari kinachobisha hodi.

Nakala za faili ni haki yako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kupata taarifa zako. Mapokezi wakileta maneno, omba kwa maandishi.

Hatua ya 4: Mpasuaji. Mtafute kwenye rejista ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari Kenya, kabla ya kulipa hata ada ya kumwona. Awe daktari wa upasuaji wa plastiki, si mtu mwenye kliniki nzuri na wafuasi wengi. Hospitali ya Kenyatta wana idara hiyo, na hospitali kubwa za binafsi pia.

Jueni tofauti hii. Panikulektomi ni kuondoa lile pazia la ngozi na mafuta linaloning'inia. Abdominoplasti inaongeza kukaza misuli na kurekebisha kitovu ili tumbo lipendeze. Barua ikisema abdominoplasti, bima wataifungulia ukurasa wa urembo na mchezo umeisha. Isome kabla hujatoka chumbani kwa daktari. Kama unataka na misuli ikazwe, omba hesabu mbili tofauti, ya pili utoe mfukoni.

Hatua ya 5: Idhini kabla ya kitanda. Hospitali hutuma kwa bima fomu ya kuomba idhini, wewe unaambatisha kila kitu na kufuatilia. "Wamekubali kwa simu" si idhini.

Hatua ya 6: Wakikataa. Omba sababu kwa maandishi, pamoja na kifungu cha mkataba. Jibu kifungu hicho, usisimulie maisha yako. Kwa bima ya kazini, mhusishe HR na wakala wa bima, maana kampuni kubwa huweza kuomba malipo ya hisani hata pale mkataba unapokataa. Ikishindikana, peleka malalamiko IRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima.

Hatua ya 7: Mwili. Acha sigara angalau wiki 4 kabla. Pima damu. Kula protini.

MASWALI

Kamaa_Umoja: Ni ngapi na hospitali gani?

MamaKilo: Hatua ya 4. Bei utapewa na mpasuaji akishakuona.

Kamaa_Umoja: Si ungetaja tu moja.

MamaKilo: Nikitaja moja kesho mtasema nimelipwa. Rejista iko wazi.

Sista_Rongai: Mimi sina vipele kabisa lakini ngozi inanikera. Daktari rafiki yangu anaweza kuniandikia kwamba ninavyo?

MamaKilo: Huo ni udanganyifu. Wakigundua wanafuta bima yako, na yeye anajibu mbele ya KMPDC. Tena mnatuharibia sisi wenye vidonda kweli. Usiniulize tena.

Halima_SouthC: Asalaam alaikum dada. Nina ngiri ya kitovu, daktari aliigusa akasema ipo. Inasaidia au inachanganya?

MamaKilo: Waalaikum salaam, mpenzi. Swali zuri. Ifanyiwe ultrasaundi ili iwe na ripoti yake. Ngiri ni ugonjwa unaojitegemea, na kuirekebisha si urembo. Mpasuaji anaweza kuomba yote mawili kwa operesheni moja, lakini kila moja iwe na mstari wake na sababu yake. Wakikataa ngozi, ngiri isianguke nayo. Na kama bado unapanga mtoto, mwambie mapema. Wengi watakushauri uzae kwanza, maana ujauzito utalitanua tena tumbo.

Halima_SouthC: Allah akubariki. Nilikuwa naona haya hata kuuliza.

Otis_Kahawa: SHA, bima ya afya ya serikali, je?

MamaKilo: Tangu Oktoba 2024 SHA ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF. Nenda dawati la SHA la hospitali utakayofanyiwa, ukiwa na jina la upasuaji na jina la ugonjwa. Ukiuliza "mnalipa kukata tumbo?" utajibiwa hapana kabla hujamaliza sentensi.

Otis_Kahawa: Na mikono? Yangu ni mabawa.

MamaKilo: Mikono na mapaja ni ngumu zaidi, kwa sababu vidonda ni nadra na bima huona sura tu. Kama mapaja yanachubuka mpaka damu, faili ni ileile ya hatua ya 3.

Wanjiku_N: Mimi nilipungua kwa sindano za semaglutide. Bado nadunga. Kuna shida?

MamaKilo: Mwambie mpasuaji NA daktari wa nusukaputi, usisubiri kuulizwa. Dawa hiyo huchelewesha chakula tumboni, na chakula kikibaki unaweza kutapika ukiwa umelala na kikaingia mapafuni. Wao ndio watakaosema uache lini. Tena kama bado unashuka, hujafika hatua ya 2.

BabaTatu: Mke wangu alifanyiwa bypass, ule upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula. Hiyo "pima damu" ndiyo nini hasa?

MamaKilo: Asante kwa kunirudisha, niliipita haraka. Baada ya bypass mwili haunyonyi vizuri chuma na vitamini B12. Apimwe vyote viwili pamoja na kiwango cha damu na albumini (protini ya kwenye damu), arekebishwe kabla. Kidonda cha panikulektomi ni kirefu, nyonga hadi nyonga. Mtu asiye na protini kinaachia. Na mpange nyumbani: atatoka na mirija ya kutoa majimaji, hatabeba ndoo wala mtoto kwa wiki kadhaa, lakini lazima atembee kila siku damu isigande miguuni.

BabaTatu: Nimeandika yote. Ndoo ni zangu basi.

Shiro_Pipeline: Wakati tunangoja idhini, joto la matatu linatuua. Mnafanyaje?

Halima_SouthC: Leso kuukuu ya pamba. Ikate vipande virefu, weka kimoja kwenye mkunjo, badilisha kikilowa. Fua, anika juani.

MamaKilo: Naunga mkono. Ukioga, kausha kwa kugusagusa, usisugue. Poda yenye manukato hapana. Na Shiro, siku ya kliniki usijitengeneze sana, daktari akute hali halisi.

Shiro_Pipeline: Niende bila leso?

MamaKilo: Nenda nayo, uitoe mbele yake. Ikiwa imelowa, mwambie aandike.