Kupiga hesabu ya ampea: fezi moja na fezi tatu

Mota ya mashine ya kusaga ikiungua, iwe Mbauda ya Arusha au Pasua ya Moshi, lawama huenda kwa umeme mdogo. Umeme mdogo unachangia kweli, ila mara nyingi ovalodi (kifaa kinachokata umeme mota ikivuta ampea kupita kiasi kilichosetiwa) iliyotakiwa kuiokoa mota ilikuwa imesetiwa kwa kukisia.

Anza na kibao cha mota. Andika kilowati, volti, pawa fakta (imeandikwa cos φ; ni sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi kweli) na ufanisi. Kikiwa na hosipawa tu, zidisha kwa 0.746 upate kilowati. Shika jambo hili: kilowati za kwenye kibao ni nguvu inayotoka kwenye shafti, si umeme unaoingia. Umeme unaoingia ni mwingi zaidi, ndiyo maana ufanisi lazima uingie kwenye hesabu.

Fezi moja ni nyepesi. Kwa kitu cha kupasha moto, gawa wati kwa volti: hita ya kuogea ya wati 5,500 inavuta 5,500 ÷ 230 = ampea 23.9. Usiichomeke kwenye laini ya soketi. Ipe waya wake wa milimita 6 za mraba na breka ya ampea 32. Kwa mota, gawa pia kwa pawa fakta na ufanisi. Pampu ya kilowati 1.5, pawa fakta 0.85, ufanisi 0.75: 1,500 ÷ (230 × 0.85 × 0.75) = ampea 10.2.

Fezi tatu: tumia volti 400, yaani kati ya fezi na fezi, kisha zidisha kwa 1.732. Mashine ya kusaga ya kilowati 15, pawa fakta 0.85, ufanisi 0.90:

15,000 ÷ (1.732 × 400 × 0.85 × 0.90) = ampea 28.3

Ukisahau pawa fakta na ufanisi unapata 21.7. Ovalodi ikisetiwa hapo itakata kila gunia likimiminwa, mwishowe mwenye mashine ataizungusha hadi mwisho ili asisumbuliwe. Tangu hapo mota haina mlinzi.

Sasa angalia ovalodi imekaa wapi. Kwenye sta-delta (stata, yaani kiwashio, inayoianzisha mota kwa muungo wa sta kisha kuihamishia delta), mara nyingi iko chini ya kontakta kuu (swichi inayovutwa kwa sumaku), ambako inapita ampea ya koili peke yake, yaani ya laini ÷ 1.732, sawa na kuzidisha kwa 0.58: 28.3 × 0.58 = 16.4. Fundi anayeiweka 28 hapo anairuhusu mota ivute karibu ampea 49 kutoka kwenye laini bila kukatwa. Kosa hili ni baya kuliko yote, kwa sababu mashine inasaga vizuri tu mpaka siku fezi moja inapokatika.

Volti zikishuka hadi 360 jioni, mota yenye mzigo uleule itavuta kama ampea 31.4. Usipandishe ovalodi kufuata namba hiyo. Punguza nafaka inayoingia.

Mwisho, pima kwa klampu mita (kipimo cha ampea kinachokumbatia waya) mahindi yakiwa yanasagwa, si mashine ikizunguka tupu. Pimia kwenye laini inayoingia kwenye stata, klampu ikizunguka waya mmoja mmoja. Ukiikumbatisha kebo nzima itasoma karibu sifuri, kwa kuwa mikondo ya fezi tatu inafutana. Fezi mbili zikisoma 33 na ya tatu 20, zima, kisha kagua skrubu za breka na kontakta: iliyolegea huwa na plastiki iliyobadilika rangi kuwa kahawia.