Kuchagua diski ya kurekodia gemu

Anza na hesabu kabla ya bei. Video ya 1080p kwa megabiti 20 kwa sekunde hula GB 9 kwa saa. Kwa megabiti 50, GB 22.5. Diski ya GB 500 hubeba saa 50 hivi za kiwango cha kwanza.

Kasi ya kuandika si tatizo. Megabiti 50 ni megabaiti (MB) 6 na ushee tu kwa sekunde, hata HDD (diski ya sahani inayozunguka) ya zamani inazimudu. Kinachokwamisha ni kurundika Windows, gemu na rekodi kwenye HDD moja: kichwa chake cha kusoma na kuandika hukimbizwa huku na huku, video inaruka fremu. Gemu likae kwenye SSD (diski isiyo na sahani inayozunguka), rekodi zikae kwenye diski ya pili. Ya nje iwe USB 3.0, na uichomeke kwenye tundu la 3.0.

Diski iformatiwe kwa mfumo wa faili wa NTFS au exFAT. FAT32 haipokei faili la zaidi ya GB 4.

Umeme wa Mtwara ukikatika katikati ya rekodi, faili la video la MP4 mara nyingi halifunguki tena. Kwenye OBS (programu ya kurekodi skrini) rekodi kwa aina ya faili ya MKV, uigeuze kuwa MP4 baadaye. Na wakazi wa Shangani au Mikindani, msiache diski dirishani. Hewa ya chumvi hutia kutu kwenye chomeo.

Ukiuziwa “TB 2” kwa bei ya flashi, shtuka. Ijaze yote kwa programu ya H2testw kabla waranti haijaisha: diski bandia hupokea faili bila kulalamika, kisha hazisomeki.