Friji kwenye pikapu: mambo ya kuzingatia kabla ya kutoboa bodi

Mtu akiamua kuweka friji kwenye pikapu, kwa kawaida huanza na lita: itabeba nyama kiasi gani, inagandisha au inapoza tu, kifuniko kinafungukia upande gani. Umeme hufikiriwa baadaye, na nyaya hazitajwi mpaka siku ya kufunga. Mimi ningeanza na hizo nyaya. Friji ya bei kubwa iliyounganishwa kwa waya mwembamba hujizima usiku ikionyesha kwamba betri imekwisha, kumbe betri bado ina nusu ya chaji. Friji ya kawaida yenye waya mnene na viungo imara hukesha ikifanya kazi yake, na asubuhi unakuta maziwa ni baridi na gari linawaka.

Swali la kwanza halihusu friji hata kidogo: gari lako litasimama kwa saa ngapi bila injini kuwaka? Pikapu inayotembea saa nne au tano kila siku ina altaneta, jenereta inayozungushwa na injini, ya kurudisha umeme uliotumika usiku. Pikapu itakayoegeshwa Ijumaa jioni na kuwashwa tena Jumapili mchana ni jambo jingine kabisa. Jibu hilo ndilo litakaloamua ukubwa wa betri, kama unahitaji sola, na hata kama friji yenyewe inakufaa. Liandike kwa saa, usiseme tu “siku moja hivi”.

Pili, hakikisha unachonunua kina kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya kupozea kama kwenye friji ya nyumbani. Kuna visanduku vinavyofanana sana na friji, vyepesi na vya bei nafuu, vinavyopoza bila kompresa. Vingi hushusha joto nyuzi 20 hivi tu chini ya joto la nje. Nyuma ya pikapu iliyofunikwa, juani, hewa ikifika nyuzi 40, ndani ya kisanduku kutabaki na nyuzi 20, na hapo nyama haikai. Isitoshe, vingi hunywa umeme mfululizo bila kupumzika. Friji ya kompresa huwaka, ikafikia ubaridi uliopanga, ikazima, na katika mapumziko hayo ndimo betri yako inamosalimika. Friji ya nyumbani kwa kutumia inverta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, nayo siishauri: inverta hula umeme hata friji inapokuwa kimya, na kompresa ya nyumbani huvuta umeme mwingi sana kwa ghafla inapoanza.

Sasa hesabu. Friji ya gari ya lita 40 hadi 50, kwenye volti 12, huvuta takriban ampea 4 hadi 5 kompresa inapokuwa inazunguka. Tuchukue 5. Kama ingezunguka saa 24 bila kusimama ingetumia ampea-saa 120, yaani ampea mara idadi ya saa. Katika hali ya hewa ya wastani kompresa huzunguka kama theluthi moja ya muda, yaani ampea-saa 40 kwa siku. Joto likiwa kali, au watoto wakifungua kifuniko kila dakika kumi, inaweza kuzunguka nusu ya muda, na hapo ni 60. Ukigandisha, hesabu inapanda zaidi. Mimi ningepanga kwa siku mbaya, maana siku ya joto kali ndiyo siku unayoitegemea friji kuliko nyingine zote.

Weka namba hiyo mbele ya betri. Betri ya kuwashia gari imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za starta, kisha ijazwe tena mara moja. Kuinyonya polepole usiku kucha, usiku baada ya usiku, kunaiua mapema hata kama gari linawaka asubuhi. Kwa kituo cha saa mbili tatu inavumilika. Kwa kulala nje, funga betri ya pili ya aina inayostahimili kushuka chaji. Ikiwa ni ya risasi na asidi, usitumie zaidi ya nusu yake: yenye ampea-saa 100 ihesabu kuwa ina 50. Betri ya lithiamu ya ukubwa huohuo hukupa 80 au zaidi na ni nyepesi sana, lakini haipaswi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi sifuri, na inaweza kuvuta umeme mwingi mpaka altaneta ikapata moto kupita kiasi kama hakuna chaja ya kuidhibiti.

Hapo kwenye kuchaji pana mtego unaowakamata hata mafundi wazoefu. Magari ya zamani yana altaneta inayotoa volti 14 hivi muda wote, kwa hiyo rilei, swichi inayojiendesha ambayo huunganisha betri mbili injini inapowaka, ilitosha. Magari mengi ya siku hizi hushusha volti za altaneta kwa makusudi ili kupunguza mafuta yanayochomwa. Rilei ikiona volti zimeshuka inaachia, na betri ya pili haijai hata ukiendesha kutwa. Gari la namna hiyo linahitaji chaja ya betri kwa betri, ambayo hupokea volti zilizopo na kuzipandisha hadi kiwango ambacho betri ya nyuma inataka. Uliza kwanza gari lako ni la aina gani kabla ya kununua rilei. Na hata kama kila kitu kiko sawa, mwendo wa nusu saa haurudishi umeme wa usiku mzima. Betri ya risasi hujaa polepole sana inapokaribia mwisho.

Sola husaidia, ila isikuzwe kupita uwezo wake. Paneli ya wati 100 hutoa ampea 5 hivi jua likiwa utosini, na kwa siku moja ya jua safi ukipata ampea-saa 25 hadi 30 umepata vizuri. Haifikii zile 40, sembuse 60. Wati 200 zinakuweka mahali salama zaidi. Kivuli cha tawi moja tu kikikatiza paneli kinaweza kupunguza umeme vibaya, na hapo unabanwa: friji inataka kivuli, paneli inataka jua. Kwa anayekaa sehemu moja siku nzima, paneli ya kukunja yenye waya mrefu ni bora kuliko iliyofungwa juu ya paa, kwa kuwa gari linabaki chini ya mti na paneli inalifuata jua.

Sasa nyaya, na hapa naomba uvumilivu. Kutoka betri iliyo chini ya boneti hadi nyuma ya pikapu ya milango minne ni kama mita 5. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 10. Ukitumia waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, ampea 5 zikipita unapoteza karibu volti 0.6 njiani. Ukitumia wa milimita 6 za mraba unapoteza 0.14 tu. Linganisha na betri iliyofika nusu, yenye volti 12.2: kwa waya mwembamba friji inaona 11.6, na bado hujahesabu upotevu kwenye plagi na viungo. Friji nyingi zina kinga ya betri yenye ngazi tatu, na ngazi ya juu hukata umeme kwenye volti 11 na kitu. Ndipo inapojizima usiku wa manane, na mwenye gari analaumu betri. Wengine hushusha kinga hiyo hadi ngazi ya chini ili friji iendelee. Kama inatumia betri ya starta, asubuhi gari linakataa kuwaka. Dawa ni kubadilisha waya na kuiacha kinga juu.

Unaponunua, uliza ukubwa wa shaba yenyewe kwa milimita za mraba. Kuna waya unaouzwa kwa kipimo cha unene wa nje pamoja na plastiki yake, na waya wa “milimita 6” wa namna hiyo una shaba pungufu ya ile niliyohesabu. Kuna pia waya wa alumini uliopakwa shaba kwa juu, ambao hupoteza umeme zaidi. Na kama betri ya pili iko nyuma karibu na friji, waya mfupi wa friji si tatizo tena. Waya mrefu sasa ni ule wa kuchaji, unaopitisha ampea 25 au zaidi. Huo utake milimita 16 za mraba au kubwa kuliko hapo.

Fyuzi ikae karibu kabisa na kichwa cha chanya cha betri, ndani ya sentimita 20 hivi. Kazi yake ni kulinda waya, kwa hiyo ikiwekwa mwishoni kwa friji, mita zote 5 zinabaki bila ulinzi, na waya ukichubuka na kugusa bodi unawaka moto. Ukiwa na betri mbili zilizounganishwa, waya wa kati uwe na fyuzi pande zote mbili, maana umeme unaweza kutokea upande wowote. Kwa waya wa friji wa milimita 6 za mraba, ampea 15 zinatosha. Kila tundu la bati linalopitisha waya livishwe mpira, na njia yote iwe mbali na bomba la moshi na shafti. Kuhusu hasi, magari mengi mapya yana kihisi kwenye kichwa cha hasi cha betri. Funga hasi yako kwenye sehemu ya chasi iliyokwanguliwa rangi, isiwe juu ya kichwa chenyewe, ili gari lijue umeme unaotumika.

Tundu la kuwashia sigara liache kwa kuchaji simu. Plagi yake hulegea kwa mtikisiko wa barabara mbovu, waya wake ni mwembamba, na kwenye magari mengi hukatika ukitoa ufunguo.

Mahali pa kukaa friji, angalia matundu yake ya hewa kwanza. Kompresa hutupa nje joto linaloondolewa ndani ya friji, na joto hilo lisipopata pa kutokea, friji inazunguka bila kupumzika. Acha nafasi ya sentimita 10 upande wa matundu, na blanketi lisisukumwe hapo. Chini ya kanopi, yaani paa la kufunika bodi, dirisha dogo lililoachwa wazi linapunguza sana kazi ya kompresa. Bodi ikiwa wazi, unahitaji kisanduku cha kuzuia mvua na vumbi lakini chenye kupumua. Pima pia kifuniko: kuna friji zinazoingia vizuri chini ya kanopi halafu hazifunguki. Reli ya kuvutia nje hutatua hilo, ila huongeza kimo na uzito.

Friji iliyojaa inafika kilo 40 au 50 kirahisi. Ikiachia gari linapofunga breki ghafla, inapiga kioo cha nyuma. Mikanda ishike kwenye ndoano za bodi, na kama ni reli, bolti zipite kwenye bati na kushikwa kwa pleti ya chuma kwa chini. Kabla ya drili, ingia chini ya gari uangalie kwa macho: tenki la mafuta, bomba za breki na nyaya za taa hupita palepale panapoonekana pazuri pa kutoboa. Paka rangi ya kuzuia kutu kwenye kila tundu siku hiyohiyo. Betri ya risasi isiwekwe ndani pamoja na abiria, kwa sababu ikichajiwa inaweza kutoa hidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche ndogo. Ifungwe isicheze na vichwa vyake vifunikwe.

Kisha jaribu kila kitu nyumbani. Poza friji kwa umeme wa nyumba siku moja kabla, weka vitu vilivyokwisha kuwa baridi, ipange nyuzi 4, halafu iache kwenye betri usiku kucha injini ikiwa imezimwa. Kompresa ikizunguka, pima volti kwenye betri na kwenye plagi ya friji. Tofauti ikizidi 0.3, tafuta kiungo kilicholegea. Mara nyingi utakihisi kwa mkono, kwa kuwa kina joto. Asubuhi zima friji, subiri betri itulie, upime tena. Betri ya risasi iliyojaa ina 12.7, nusu ni 12.2, na ukiona 11.9 imekaribia kwisha. Baada ya mwendo wa kwanza kwenye barabara mbovu, rudia kukaza kila nati.

Safarini beba fyuzi za akiba za ukubwa uleule, mita ndogo ya kupimia, koleo na kipande cha waya. Kila anayepanda gari hilo aonyeshwe fyuzi kuu ilipo na namna ya kuichomoa, kwa sababu moshi ukianza kutoka nyuma, aliyefunga nyaya huenda hayuko karibu.