Namna ya Kukusanya Sauti za Watu kwa Ajili ya Programu za Kiswahili bila Kuvunja Faragha Yao

Mtu asiyeona akiiambia simu yake "mpigie dada", simu humwelewa kwa sababu kabla yake watu wengi walikubali kurekodiwa, sauti zao zikaandikwa neno kwa neno, na kompyuta ikajifunza jinsi maneno yanavyosikika vinywani mwa watu mbalimbali. Wale ambao sauti za mfano wao hazikuingizwa hawaeleweki: bibi asiye na meno ya mbele, kijana mwenye kigugumizi, mtu mwenye mtindio wa ubongo ambaye maneno humtoka kwa shida, mvuvi wa Pemba azungumzaye lahaja ya kwao. Hao ndio wanaoihitaji zaidi teknolojia ya sauti, na hao hao ndio wanaoweza kudhurika zaidi kwa kurekodiwa, kwani sauti isiyofanana na nyingine hutambulika upesi.

Mwongozo huu ni kwa vikundi vidogo vinavyotaka kuifanya kazi hiyo, viwe vya wanafunzi wa chuo, vya wabunifu wa programu au vya vyama vya watu wenye ulemavu. Nimeshiriki katika kurekodi, kusikiliza na kuandika sauti za namna hii, na nimejifunza kwamba faragha hulindwa kabla kinasa sauti hakijawashwa. Yanayofanywa baadaye yanapunguza madhara tu.

Anzeni na kazi, data ifuate

Andikeni kwenye ukurasa mmoja programu yenu itafanya nini na itamfanyia nani. Programu ya kutambua amri ishirini, kama vile "fungua", "soma ujumbe" na "rudi nyuma", haihitaji saa mia za mazungumzo huru. Kisha chukueni jedwali mnalokusudia kulijaza na kuiuliza kila safu swali moja: tukiikosa taarifa hii, programu itashindwa kufanya nini? Umri una kazi, kwa sababu sauti ya mzee si ya kijana na lazima mjue kama programu inawasikia wazee vibaya. Jinsia na lahaja zina kazi vilevile. Jina, namba ya kitambulisho, kijiji na kazi ya mtu havimfundishi kompyuta chochote, basi visiingie humo.

Hata hivyo, kuondoa jina hakutoshi. Tazameni mstari huu ambao ungeweza kukaa kwenye jedwali lolote: "Mwanamke, miaka 67, Kitumbatu, mwalimu mstaafu." Hakuna jina wala namba ya simu, lakini Tumbatu ni kisiwa kidogo kando ya Unguja, na mwenyeji wake angemjua mama huyo kabla hajaumaliza mstari. Nchini Marekani, mtafiti Latanya Sweeney alionyesha mwaka 2000 kwamba tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta vilitosha kumtofautisha na wengine wote mtu mmoja mmoja katika asilimia 87 hivi ya Wamarekani. Huko walihitaji tarehe kamili. Kwetu, ambako watu wa mtaa hujuana kwa ukoo, lahaja na kazi hutosha.

Dawa yake ni kupanua makundi. Umri uandikwe kwa vipindi, kama vile "zaidi ya 60", na kazi ifutwe kabisa. Lahaja ibaki ikiwa mnao angalau watu watano wa lahaja hiyo, wa jinsia ileile na wa kipindi kilekile cha umri. Wakipungua, waunganisheni na kundi pana zaidi, au rudini mkatafute wengine. Mtapoteza undani kidogo, lakini programu haitapungukiwa sana, kwa kuwa sauti yenyewe bado imebeba lahaja yake.

Chagueni kitakachosemwa

Jambo hili naliona zito kuliko yote, na ndilo linalosahauliwa. Mtu anayesoma sentensi mlizomwandalia hatoi siri yake, na kwa sababu hiyo Common Voice, mradi wa Mozilla (watengenezaji wa kivinjari cha Firefox) ulioanza mwaka 2017 na ambao una sehemu ya Kiswahili, umekusanya sauti nyingi kwa njia ya kusoma sentensi fupi zisizo na masharti ya hakimiliki. Tatizo ni kwamba watu hawazungumzi kama wanavyosoma. Programu iliyofunzwa kwa usomaji peke yake huyumba inapokutana na "eeh", na maneno yaliyokatwa katikati, na "yule nani hii, yule wa pale". Kwa hiyo usemi huru unahitajika kwa kiasi fulani, na huko ndiko siri za watu zinakomwagika.

Katika kazi moja niliyoshiriki tuliwaomba watu waeleze siku yao ya jana ilivyokwenda. Mama mmoja, aliyekuwa amekwisha kukubali kurekodiwa, alisimulia safari yake ya kliniki. Akataja dawa anazotumia, jina la mumewe na mtaa wanaokaa. Nilipokuwa nikiisikiliza rekodi ile ili niiandike, nilitambua kwamba ridhaa aliyotupa ilikuwa ya sauti yake, haikuwa ya ugonjwa wake. Tulimpigia simu tukamweleza yaliyomo. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, hayo nilikuwa nakuhadithia wewe." Tukayafuta siku ileile, na tangu hapo sijamwomba mtu yeyote asimulie siku yake.

Ombeni masimulizi yasiyogusa maisha ya mtu. Anayeona apewe picha ya soko aieleze. Asiyeona aulizwe jinsi ya kukuna nazi na kukamua tui, au jinsi ya kusuka ukili, au njia ya kumtambua mkungu wa ndizi uliokomaa. Sentensi za kusoma nazo asomewe, azirudie kwa kasi yake. Hata katika habari za tui kuna atakayemtaja mama yake kwa jina, kwa hiyo kila rekodi isikilizwe hadi mwisho kabla haijatoka mikononi mwenu, na kwa Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, sehemu yenye jina au namba igeuzwe kuwa kimya.

Ridhaa isikike na ieleweke

Fomu ya kurasa nne haina maana kwa mtu asiyeona anayesomewa na jirani yake huku wengine wakisubiri foleni. Ridhaa itolewe kwa mdomo, kwa Kiswahili cha kila siku, irekodiwe katika faili lake la peke yake na ihifadhiwe mbali na sauti za kazi. Mfano wa maneno ninayoyatumia ni huu: "Tunakusanya sauti ili simu ziwaelewe watu wenye shida ya kusema. Watu watatu wa kikundi chetu wataisikiliza sauti yako na kuiandika. Hatutaandika jina lako humo, lakini anayekujua anaweza kuitambua sauti. Unaweza kuacha wakati wowote, hata sasa, na nauli yako utapewa."

Sentensi ya pili isiachwe. Watu wengi hudhani ni mashine peke yake inayosikiliza. Mwaka 2019, ilipojulikana kwamba wafanyakazi wa mikataba walikuwa wakisikiliza baadhi ya rekodi za Siri, msaidizi wa sauti wa simu za Apple, kampuni hiyo ilisitisha kazi hiyo, ikaomba radhi, na baadaye ikabadili utaratibu ili zisikilizwe rekodi za waliokubali tu. Sentensi ya tatu nayo ni ya lazima, kwa sababu kumwahidi mtu kwamba hatajulikana kabisa ni kumdanganya: sauti ni kitambulisho, na siku hizi sampuli fupi ya sauti inatosha kuigwa na kompyuta.

Mwenye ulemavu wa usemi mara nyingi hufuatana na mtu wa kumsaidia. Muulizeni yeye mwenyewe, hata kama jibu litachukua dakika tano, na msikubali mwenzake amjibie. Watoto hawarekodiwi bila ridhaa ya mzazi au mlezi.

Kuhusu malipo, fidieni muda na nauli kwa kiasi ambacho mtu hataona vigumu kukikataa. Nchini Kenya watu walipanga foleni kupigwa picha za mboni kwa ajili ya Worldcoin, mradi wa utambulisho wa kidijitali, kwa sababu waliahidiwa sarafu za kidijitali. Agosti 2023 serikali ikaisimamisha shughuli hiyo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Ridhaa inayonunuliwa kwa mtu mwenye njaa si ridhaa. Anayeacha katikati alipwe sawa na aliyemaliza. Bila hivyo haki ya kuacha ni maneno matupu.

Kila mchangiaji apewe namba, aihifadhi mwenyewe kwenye simu yake mahali ambapo kisoma skrini, yaani programu inayomsomea asiyeona maandishi ya simu, kitaweza kuisoma. Akitaka kujitoa, ataitaja namba hiyo tu. Mwelezeni pia mpaka wa haki hiyo: sauti ikisha kutolewa kwa umma, wengine watakuwa wamekwisha kuinakili, na mtaweza kuiondoa katika toleo linalofuata peke yake.

Faili na sheria

Rekodini kwa simu iliyozimiwa mtandao na huduma ya mahali (location), kwani baadhi ya simu huliita faili kwa jina la mtaa uliporekodi. Faili lipewe namba ya mchangiaji, na taarifa zilizojificha ndani yake ziondolewe. Programu ya ffmpeg hufanya hivyo kwa amri ya -map_metadata -1. Msitumiane rekodi kwa WhatsApp, maana kila simu itabaki na nakala yake na huenda ikaihifadhi tena mtandaoni bila mwenyewe kukumbuka. Jedwali linalounganisha majina na namba, ambalo mtalihitaji kwa malipo na mawasiliano, likae kwa mtu mmoja, limefungwa kwa nenosiri, mbali na sauti.

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaitaja hata teknolojia ya kutambua sauti katika maelezo yake ya data za kibayometria, yaani data za mwili zinazomtambulisha mtu, na inataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 data zikivuja kwa namna inayoweza kuleta madhara. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ambayo inawataka wakusanyaji wajisajili katika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Taarifa za afya ni taarifa nyeti katika nchi zote mbili, kwa hiyo kuandika "kigugumizi" kando ya namba ya mtu ni jambo la kufanywa kwa sababu maalumu na kwa ridhaa yake.

Kutoa kwa umma au kuzuia

Sauti za kawaida za kusoma sentensi napendelea zitolewe kwa wote, kwa sababu Kiswahili kina uhaba wa data na kila kikundi kikificha chake wote tutabaki nyuma. Common Voice hutoa data zake bila masharti ya hakimiliki, lakini humtaka anayezipakua akubali kwamba hatajaribu kuwatambua wazungumzaji. Sauti za watu wenye ulemavu wa usemi zisitolewe hivyo. Wapeni watafiti kwa mkataba wa maandishi, au fundisheni programu ninyi wenyewe na mtoe programu iliyokwisha kufunzwa.

Kabla ya kukusanya zaidi, pimeni. Chukueni rekodi ambazo programu haijawahi kuzisikia, hesabuni maneno iliyoyakosea katika kila mia, kundi kwa kundi. Mkikuta inakosea maneno manane kwa vijana na thelathini kwa wazee, rudini kwa wazee peke yao. Kurekodi vijana wengine mia mbili ni kuwachukulia watu kitu ambacho hamkihitaji.

Unukuzi, yaani maandishi ya sauti hizo, ukisha kuhakikiwa na malipo kukamilika, pangeni tarehe ya kuliharibu jedwali la majina. Wiki mbili kabla, watumieni wachangiaji ujumbe wa sauti mkiwaeleza kwamba baada ya siku hiyo aliyepoteza namba yake hataweza tena kupatikana wala sauti yake kuondolewa, na mkae karibu na simu, kwa sababu wapo watakaopiga.