Kupanga sauti ya sinema kwenye sebule ya futi 10 kwa 12

Mama yangu ana sebule ya futi 10 kwa 12 pale Ngamiani, Tanga. Kuta za tofali za saruji zilizopigwa plasta, sakafu ya vigae, silingbodi juu, dirisha moja la vioo. Miaka miwili alikuwa akiangalia tamthilia zake kwenye TV ya inchi 43 huku rimoti haimtoki mkononi: maneno yakizama anaongeza sauti, muziki ukiingia anapunguza mbiombio majirani wasije wakaamka. Na kila baada ya dakika chache, "Kasemaje huyo?" Mimi ni fundi wa redio na spika, na swali hilo lilikuwa linanichoma. Mwaka jana nikaamua kumpangia sebule yake sawasawa. Haya ndiyo niliyoyafanya kwake, na ndiyo ninayomfanyia mteja yeyote mwenye chumba kidogo.

Pima kwanza, dukani baadaye

Wateja wengi hunijia wameshanunua, wanataka niwafungie tu. Mtu kabeba seti kubwa ya spika ndefu, akifika nyumbani moja inaziba mlango. Chukua tepu, karatasi na penseli. Andika urefu, upana na kimo cha chumba, kisha chora mlango unafungukia upande gani, dirisha liko wapi na soketi ziko wapi.

Sebule ya mama ni mita 3.66 kwa 3.05, na kimo chake ni mita 2.7. Namba hizo zina kazi. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Gawa 343 kwa urefu wa chumba mara mbili, utapata mlio wa besi ambao chumba chenyewe kitaukuza. Kwa mama ni takriban Hz 47 (Hz ni mitetemo kwa sekunde) kwa urefu, 56 kwa upana na 64 kwa kimo. Milio hiyo ndiyo inayovuma "vuuu" hata sabufa, yaani spika ya besi, iwe ya bei mbaya kiasi gani. Sasa, katikati kabisa ya chumba ile Hz 47 karibu inapotea, na ukutani inarundikana. Kwa hiyo usikae katikati barabara, wala usibandike kochi ukutani. Kwa mama nilivuta kochi mbele mpaka kichwa chake kikawa sentimita 75 kutoka ukuta wa nyuma. Alilalamika kwamba nimemmalizia nafasi, mpaka nilipomwonyesha kuwa lile godoro la wageni linaweza kusimamishwa nyuma ya kochi badala ya kulala chini ya kitanda. Godoro pale nyuma linameza sauti ambayo ingedunda ukutani na kumrudia kisogoni.

Piga kofi moja

Simama katikati ya chumba, piga kofi moja kali, nyamaza usikilize. Kwa mama kofi lilijibu "trrring", kama springi ya chuma iliyovutwa ikaachiwa. Hiyo ni sauti inayodunda huku na huko kati ya kuta mbili tupu zinazotazamana. Herufi kama s, t na k, ambazo ndizo zinazotenganisha neno na neno, zinafia humo. Ukinunua spika za milioni ukaziweka kwenye chumba cha namna hiyo, bado utauliza kasemaje.

Dawa yake ni kitambaa, na kitambaa kiwe kinene. Zulia kati ya kochi na TV linatangulia, maana vigae ni kioo cha sauti. Mapazia yafuate: mazito, yenye mikunjo, kitambaa upana wake mara mbili ya dirisha. Halafu kuta za pembeni. Kaa kwenye kochi, mwambie mtu apitishe kioo cha kujitazamia taratibu ukutani, usawa wa macho yako. Pale unapoiona spika ya mbele ndani ya kioo, weka alama kwa penseli. Hapo ndipo sauti inapogonga kabla ya kukufikia. Nilitengeneza fremu mbili za mbao zenye kina cha sentimita 10, nikazijaza mablanketi ya zamani yaliyokunjwa, nikazifunika kanga zake za kisutu. Kanga ni nzuri kwa kazi hii kwa sababu ni nyepesi. Ukitaka kujua kama kitambaa kinafaa, kiweke mdomoni upulize: pumzi ikipita, na sauti itapita iende kumezwa na kilichomo ndani. Wageni wanadhani ni mapambo, na mama huwaacha wadhani hivyo.

Trei za mayai usibandike. Nimezikuta kwenye vyumba vingi. Ni nyembamba mno, hazigusi besi, sauti za watu zinazigusa kidogo sana, na moto ukitokea zinashika haraka.

Spika ngapi?

Kwenye boksi utaona 5.1: tatu mbele, mbili za pembeni kwa nyuma, na sabufa. Mpangilio huo una vipimo vyake. Ukiwa umekaa unaitazama TV, za mbele zikae nyuzi (digrii) 22 hadi 30 kutoka mstari wa katikati kila upande, za nyuma kwenye nyuzi 110 hivi, yaani pembeni yako zikirudi nyuma kidogo. Katika chumba cha futi 10 kwa 12, spika za nyuma hujikuta sentimita chache tu kutoka masikioni mwa anayekaa pembeni ya kochi, na waya zake zinavuka mlango. Ushauri wangu, nao nausimamia: anza na tatu mbele na sabufa moja. Hela za zile mbili za nyuma ziingize kwenye spika ya katikati iliyo bora zaidi. Risiva, yaani ile mashine inayopokea sauti na kuzisukuma spika, ikiwa na nafasi tano, utaziongeza siku ukihamia kwenye nafasi.

Spika ya katikati ndiyo ninayoipigania kuliko zote. Kwenye filamu sehemu kubwa ya maneno hupita humo. TV hizi bapa spika zake ni ndogo na nyingi zinatazama chini au nyuma. Maneno yanagonga kabati kwanza ndipo yaje kwako. Spika ya katikati niliiweka chini ya TV, uso wake ukiwa sawa na ukingo wa rafu, nikaichomekea kabari ya mbao mbele ili iinuke kuelekea masikio ya mama, kama sentimita 95 kutoka sakafuni. Ukiisukuma ndani ya rafu, sauti inagonga ubao wa chini na maneno yanakuwa kama ya mtu anayeongea ndani ya ndoo.

Za kushoto na kulia ziko mita 2.2 kutoka moja hadi nyingine, nyuso zake sentimita 35 mbele ya ukuta, na zile ndogo zinazotoa milio myembamba ziko usawa wa masikio. Kwa umbali wa kochi hiyo inatoa kama nyuzi 23 kila upande. Zigeuze kidogo zimtazame msikilizaji.

Chaneli zetu nyingi huleta sauti ya stirio tu, njia 2. Tafuta risiva yenye Dolby Pro Logic II au mfumo wa aina hiyo. Huchambua stirio na kuyapeleka maneno kwenye spika ya katikati. Bila hivyo, king'amuzi kikiwaka spika yako ya katikati inaweza kukaa kimya.

Wati za boksi na wati za kweli

Boksi linaposema maelfu ya wati za PMPO, yaani namba za kuvutia mnunuzi, ligeuze. Tafuta kibati kinachosema mashine inakula umeme kiasi gani. Kama inakula wati 60, haiwezi kutoa sauti ya wati zaidi ya hizo mfululizo. Unachotafuta ni wati za RMS, yaani zile inazoweza kutoa mfululizo. Spika ya kawaida ikipewa wati 1 hutoa kama desibeli 87 ukiwa mita 1 mbele yake. Kwenye kochi la mama zinabaki karibu 78, na mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Kuongeza wati mara mbili kunakupa desibeli 3 tu. Kwa chumba hiki wati 50 za RMS kwa kila spika zinatosha na kubaki.

Risiva za mtumba nazipenda, nyingi zimetengenezwa kwa chuma kizito na transfoma ya maana. Lakini soma nyuma. Zilizotoka Japani kwa soko la kwao ni za volti 100, na umeme wetu ni 230. Nilipokuwa najifunza kazi niliuziwa moja, nikaichomeka hapohapo kwa furaha. Ikatoa mlio mmoja mdogo, kisha moshi. Muuzaji hakuniambia na mimi sikugeuza. Za hivyo zinahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo wa kutosha. Hata iliyo ya volti 230, ifunge nyuma ya kifaa cha kulinda vyombo, kile kinachosubiri dakika chache umeme ukirudi.

Spika za mtumba nazo, bonyeza taratibu ule ukingo unaozunguka koni. Ukingo wa sponji hulika na joto na unyevu wa pwani. Ukiona unabaki unga kidoleni, achana nayo. Wa raba unadumu. Na usichukue spika za seti ya boksi ukazifunga kwenye risiva nyingine bila kuangalia: nyingi ni za omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 3 au 4, wakati risiva imeandikwa omu 6 hadi 8. Itapata moto na kuzima, au isizime iungue.

Waya

Waya wa milimita za mraba 1.5 unatosha kabisa kwa umbali huu. Menya ncha mpya, maana chumvi ya bahari inazitia kutu zilizokaa wazi. Nyekundu kwenye nyekundu, nyeusi kwenye nyeusi, kwa spika zote. Ukiwa na spika isiyo na alama, chukua betri ya redio ya volti 1.5, igusishe ncha zake kwenye spika sekunde moja tu. Koni ikitoka nje, ncha iliyogusa chanya ndiyo chanya. Ukikosea spika moja, moja inasukuma wakati mwenzake inavuta: besi inakwisha na sauti haijulikani inatoka wapi. Nimeitwa mara nyingi kutengeneza "sabufa mbovu" nikakuta ni waya mmoja uliogeuzwa.

Kutoka TV kwenda risiva tumia tundu la HDMI lililoandikwa ARC.

Sabufa na kutambaa sakafuni

Hapa kuna kazi ya kupendeza. Weka sabufa juu ya kochi, pale anapokaa msikilizaji. Cheza wimbo wenye besi inayotembea juu na chini, kisha wewe tambaa kando ya kuta, kichwa chini, usikilize. Kuna sehemu besi inavuma ovyo, kuna sehemu inapotea, na kuna sehemu kila noti inasikika kwa nguvu moja. Hapo pa mwisho ndipo pa kuweka sabufa. Mimi nilitarajia pembeni ya TV. Ikatokea ni ubavuni, theluthi moja ya ukuta kutoka mbele, chini ya dirisha. Weka mpaka wa besi kwenye Hz 80: chini ya hapo iende kwa sabufa, juu ya hapo ibaki kwa spika. Chini yake nilitandika kipande cha godoro gumu ili mtikisiko usipite sakafuni.

Ila besi ya hewani itapita. Nyumba nyingi za kupanga ukuta wa kati haufiki juu kabisa, unaishia kwenye silingbodi, kwa hiyo jirani anasikia kwa juu. Tafuta kwenye risiva mpangilio wa usiku: unapandisha sauti ndogo na kushusha kubwa. Mama anautumia kuanzia saa 3 usiku.

Kusawazisha

Ingiza umbali wa kila spika kama tepu inavyosema, kutoka kichwani hadi kwenye spika: kwa mama 2.78 kushoto na kulia, 2.5 katikati. Kisha washa mlio wa majaribio, shika simu yenye programu ya desibeli usawa wa kichwa, urekebishe spika zote tatu zifikie namba moja. Ya katikati niliiongezea desibeli 2 juu ya wenzake, kwa sababu ya masikio ya miaka 71. Sabufa isawazishe kwa sikio, maana maiki ya simu haisikii besi vizuri. Maneno yakitangulia midomo, kuna kipimo cha kuchelewesha sauti. Kisogeze kidogokidogo huku ukimtazama msomaji wa habari.

La mwisho ni kuwinda vinavyolia. Cheza besi nzito, tembea ukigusa vitu kimoja kimoja: grili, fremu za picha, rimoti juu ya meza ya kioo. Kwa mama ilikuwa kabati la vyombo. Nilibandika vipande vya kitambaa kwenye milango yake, kikabaki kitu kimoja kinachotetema ambacho sikukipata. Yeye akasimama, akafungua rafu ya juu, akatoa vikombe vya kahawa vilivyokuwa vimepandana, akavipeleka jikoni. Akarudi akaketi, akaweka rimoti mezani, akaniambia nirudishe ile sehemu ya mwanzo.